Tundu Mbele ya Kiatu cha Kulia

Tundu lile nilikuwa nalionea fahari. Lilikuwa mbele kabisa ya kiatu cha kulia, dogo kama punje ya mahindi, na kila nilipokisafisha kiatu nililigusa nikijiambia kwamba nguvu zangu ndizo zilizolitoboa. Niliwaonyesha hata wasichana wenzangu wa mazoezini. Niliwaambia wakiona kiatu kimetobolewa na kidole gumba wajue mwenye kiatu hana mchezo. Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilimaanisha.

Kiatu chenyewe hakikuwa changu peke yangu. Mimi na mdogo wangu, msichana anayenifuata kuzaliwa, tulikuwa na jozi moja ya viatu vya mashindano, vile vyepesi vyenye soli nene ya povu na kibao kigumu ndani kinachokusukuma mbele. Tulivinunua pamoja hapa Eldoret, baada ya kila mmoja wetu kuambulia vijisenti kwenye mbio za Moi's Bridge. Dukani nilivijaribu mimi kwanza. Nilitembea navyo mpaka mlangoni, nikarudi, nikarukaruka, nikamwuliza mwenye duka maswali mengi kama mteja wa maana. Nikamwambia, "Tunachukua." Halafu ndipo nilipokumbuka kumpa mdogo wangu naye avijaribu. Akaingiza miguu, akasimama kidogo, akasema, "Ziko sawa." Tukafungiwa, tukaondoka.

Viatu vya mazoezi kila mtu alikuwa na vyake, na mimi nilijiona mtaalamu wa mambo hayo. Jumamosi, siku ya mbio ndefu kwenye vumbi la upande wa Moiben, nilivaa vile vizito vyenye mto mnene chini, kwa sababu kilomita thelathini juu ya mawe zinakula magoti. Alhamisi, siku ya kukimbia kwa kasi na kupumzika, kasi na kupumzika, nilivaa vyepesi kidogo vyenye meno. Siku za kunyoosha miguu tu nilimalizia vile vikuukuu. Vya mashindano vilining'inia kwenye msumari katika chumba chetu cha kupanga Kimumu, ndani ya mfuko wa nguo, na havikuguswa mpaka siku ya mbio. Tulivivaa kwa zamu. Mbio hizi zangu, zile zake, na tulichagua mbio tofauti ili tusigongane.

Mdogo wangu yeye alikuwa na jozi moja tu ya mazoezi, viatu vya kiume alivyovichakura kwenye rundo la mitumba, vipana, rangi ya majivu. Niliviita trekta. Alhamisi akivivaa nilimgombeza mbele ya watu.

"Unaenda speed na trekta? Unataka kulima?"

"Nimezizoea," alisema, akifunga kamba.

Kitu kimoja kilikuwa kinaniudhi. Mazoezini msichana huyu alinikaa mgongoni saa nzima bila hata kuhema, mpaka nikawa nageuka kumtazama vibaya. Lakini siku ya mashindano, akiwa na viatu vyepesi, alikuwa wa tisa, wa kumi na mbili, safari moja hata sikumwona akiingia. Nikaamua kwamba ni mwoga. Tulipoenda nyumbani Moiben nilimwambia Mama hivyo hivyo, tukinywa chai, mwenyewe akiwa ameketi hapo.

"Mama, huyu hana roho ya mashindano. Tusidanganyane."

Mama alimtazama, akanitazama, akasema basi ajaribu mara moja ya mwisho, na ikishindikana arudi nyumbani asaidie na ng'ombe. Mdogo wangu alimalizia chai yake, akaenda kuosha vikombe.

Hiyo mara ya mwisho ikaja haraka. Kocha wa kambi moja ya wakimbiaji alitangaza mbio za majaribio, kilomita kumi za lami, na msichana atakayetangulia angepata kitanda kambini: chakula, daktari, na njia ya kwenda kukimbia nje ya nchi. Kitanda kimoja. Tulijiandikisha wote wawili, na kwa mara ya kwanza tukajikuta katika mbio moja siku moja. Na zamu ya viatu ilikuwa yake.

Wiki nzima nilijitayarisha kugombana. Nilikuwa na hoja zangu: mimi ni mkubwa, umri unanikimbia, yeye hata akipewa mabawa atakuwa wa tisa. Nilizipanga nikifua, nikazipanga nikipika ugali. Jioni ya kuamkia mbio nikasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Kesho nataka kuvaa zile viatu."

"Vaa tu," alisema. Alikuwa anachambua mboga. Hata hakuinua kichwa.

Nilishtuka. Nilibaki nimesimama pale na hoja zangu zote mdomoni. Ungedhani ningefurahi, lakini hasira ikanipanda, kwa sababu mtu hawezi kuachilia bahati ya maisha yake kirahisi namna ile. Nikamwambia, "Unaona? Ndio maana hufiki mahali." Nikavitoa viatu kwenye msumari, nikavipangusa, nikagusa tundu langu.

Asubuhi tulikuwa wasichana kama arobaini kwenye mstari. Karibu kila mguu ulikuwa na kiatu cha rangi kali ya kung'aa. Mdogo wangu alikuja na trekta zake zikiwa bado na udongo wa Jumamosi. Msichana mmoja aliuliza kwa sauti kama huyu amepotea njia akielekea shambani, na wengine wakacheka. Nami nilicheka. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Kilomita za kwanza nilikuwa mbele na wenzangu watatu. Viatu vilikuwa vinanibeba, nilijua nakimbia vizuri. Nyuma yangu nilisikia mshindo mzito, pa, pa, pa, nikaujua mara moja, maana nimeusikia kila Alhamisi. Nikangoja ufifie. Kilomita ya tano haukufifia. Kilomita ya saba, kwenye mwinuko, ulikuja ubavuni mwangu.

Nilitazama viatu kwanza, ndipo nikatazama uso. Alikuwa ametulia kama anayeenda dukani. Akanipita. Nilitaka kumwita arudi nyuma, kama nilivyozoea tulipokuwa watoto, nikakosa pumzi. Akawapita na wale watatu, na mgongo wake ukazidi kwenda. Nilikimbia kilomita tatu zilizobaki nikiwa nimepigwa na butwaa, macho kwenye zile soli pana zikiinuka na kushuka, na wawili kati ya wale watatu wakaniacha bila mimi kujali. Niliingia wa nne. Yeye alikuwa wa kwanza.

Nilipopata nguvu ya kutembea nilimfuata pale nyasini alipokuwa ameketi. Sikwenda kumpongeza. Nilikwenda nimefura, nikiamini amenichezea, kwamba mwaka mzima alikuwa ananificha uwezo wake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo alipovuta soksi.

Kidole gumba cha kulia hakikuwa na kucha. Cha kushoto kilikuwa na kipande, cheusi. Kucha nyingine zilikuwa zimekufa au zinaota upya zikiwa zimepinda, na vidole vidogo vimelaliana ubavu kama vimezoea kulala hivyo. Wakimbiaji wote tuna kucha nyeusi, hiyo si habari. Lakini miguu ya namna ile sikuwahi kuiona, na msichana huyu nalala naye chumba kimoja. Ndipo nikakumbuka kwamba ndani ya nyumba havui soksi. Nilidhani ni baridi ya Kimumu.

"Hii ni nini?" nilimwuliza.

"Ni zile viatu." Alionyesha miguuni mwangu kwa kidevu.

"Si ulisema ziko sawa?"

"Zilikuwa zinabana."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani."

"Na ukanyamaza? Ungeniambia!"

Alivuta nyasi moja, akaikata vipande.

"Wewe ulikuwa ushamwambia yule mtu tunachukua," alisema.

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilimwona yule wa tisa, yule wa kumi na mbili, akikimbia kilomita kumi na vidole vimekunjwa, akija nyumbani kuvificha, halafu akiketi mbele ya Mama kunisikiliza nikisema hana roho. Niliona aibu hadi masikio yakanichoma.

Kocha alikuja na daftari lake, mzee wa haraka haraka. Akampa mdogo wangu mkono, akamwambia Jumatatu afike kambini, abebe blanketi.

"Viatu tutakupatia," alisema. "Vya mbio ndefu, vya speed na vya mashindano. Unavaa namba gani?"

Mdogo wangu aliinua kichwa. Alinigeukia mimi. Alinitazama kama anayeomba ruhusa, na mimi, ambaye nilikuwa nimemjibia maswali tangu ajue kusema, nikagundua kwamba namba ya mguu wake siijui.

"Sita," alimwambia kocha.

Kocha akaandika, akaenda kwa wengine. Mimi navaa tano, na vile viatu vilikuwa tano. Nikaketi nyasini kando yake kuvua viatu, na kabla sijafungua kamba nikaweka kidole cha mkono kwenye tundu la kiatu cha kulia, kama nilivyozoea. Ncha yake ikaingia na kugusa hewa. Nikasukuma mguu mbele kwa nguvu zangu zote, na bado kidole changu gumba hakikulifikia.