Samaki mwenye pembe aliyetaka kumnyima mpwa wangu jina

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeufuta mara sita nikiogopa kuonekana mtunzi, lakini yote yametokea kwetu, Mlali.

Enzi za Mjerumani, mjomba wa bibi yangu, Mkude, alichukuliwa kubeba mizigo hadi pwani. Aliporudi Uluguru alileta ushahidi kwamba bahari ameiona: samaki mkavu, mdogo kama kiganja, ana pembe.

Watu wakacheka. Wakasema amebandika miiba kwenye samaki wa mtoni.

Tangu hapo, kwetu ukidanganya unaambiwa, "Hiyo ina pembe."

Mwaka huu dada yangu alijifungua, akataka mtoto aitwe Mkude. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo kauli ya mwisho ni ya mjomba wetu, kaka yake mama.

Mjomba akagoma. "Jina la muongo? Mtoto atachekwa mpaka shuleni!"

Mimi sijasomea samaki. Nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na nakiri nina ugonjwa wa kuhakiki kila kitu. Nikampata samaki wa namna hiyo: anaishi maji ya kina kifupi, kwenye nyasi za baharini. Mwili wake ni sanduku gumu, magamba yake ni vigae vilivyopangwa kama sega la nyuki.

Mjomba akatazama picha. "Simu nayo ina pembe."

Nikaomba samaki mwenyewe. Bibi akamtoa kwenye kopo la majani ya chai anamomtunza. Nikamkagua kwa lenzi mbele yao, nikahesabu vigae, nikarudia. Mara ya nne pembe moja ikakatika, ka!

Wakuu! Kitu kilichovumilia tangu Mjerumani, nimekivunja mimi na uhakiki wangu. Bibi akashika mdomo.

Mjomba ni seremala, maisha yake yote anaunga vitu. Akaipeleka ile pembe dirishani, akakwaruza kwa ukucha pale ilipokatikia. Akainusa pia.

"Hapa hakuna gundi," akasema. "Hii imeota."

Kisha akamwinamia samaki. "Shikamoo, babu."

"Marahaba," bibi akaitikia kwa niaba yake, huku analia na kucheka.

Mtoto anaitwa Mkude, na mimi natembea kifua mbele mpaka stendi ya Msamvu. Pembe sijaiunga, ingawa kuiona hivyo kunaniwasha vidole. Mjomba kakataza: atakayebisha aoneshwe.

Nilichojifunza: ukoo mzima unaweza kucheka miaka yote hiyo bila hata mmoja kufungua kopo.

Kwenu mnamcheka mzee gani? Mwageni hapa chini, nasoma zote. Mara mbilimbili.