Sentensi ya Siku ya Sita

Shangazi yangu husema yaliyopita yamepita. Kwangu hayajapita.

Kaka yangu alipopelekwa India kwa saratani ya damu, alifuatana na mama. Mimi nilibaki Malindi, na shangazi akaja kutoka Mambrui kukaa nami. Dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Kule walipitisha damu ya kaka kwenye mashine, wakachuja chembe za kinga ambazo madaktari huziita chembe T, wakazipeleka maabara kuzifundisha kuitambua saratani, kisha wakamrudishia mwilini kwa dripu. Mfuko mdogo tu, mama alisema.

Daktari aliwaonya. Chembe hizo zikianza kupigana, mgonjwa huweza kushikwa na homa kali na presha ikashuka. Huweza pia kuchanganyikiwa akili, na hilo likionekana mapema lina dawa. Ndiyo maana kila asubuhi muuguzi alimuuliza kaka yuko wapi, akamhesabisha kurudi nyuma, akampa kalamu aandike sentensi moja kwa lugha ya kwao.

Muuguzi hakujua Kiswahili. Mama yangu husoma msahafu bila kukwama, na akiandika huandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani. Herufi za skuli hazijui. Basi akawa anaipiga picha ile karatasi na kunitumia, nisome nimwambie kama ni sawa. Mimi niliishia darasa la nane na kuandika kwangu ni kwa kujikongoja, lakini kusoma nasoma.

Siku tano kaka aliandika maneno yale yale: "Mimi ni fundi wa friji Watamu." Siku ya tano homa ilikuwa imepanda na mwandiko ukitetemeka, ila maneno yalikuwa yake. Nilikuwa namjibu mama kwa kuandika, kwa kuwa hata kwenye simu naona haya kusema; "sawa" na "si sawa" nilikuwa nimemfundisha kuyatambua kwa sura.

Siku ya sita ilikuja hii: "Mimi ni fundi maji wa wa friji ni Watamu wa."

Nikaisoma mara mbili kimya. Mara ya tatu nikaisoma kwa sauti, na shangazi, aliyekuwa akikanda unga wa mahamri, akasikia. Akaja na mikono yake ya unga, akatazama. Nikamwambia akili ya kaka imeanza kuchafuka. Akaniuliza tangu lini nimekuwa daktari.

"Mtu ana homa ya moto, wewe wataka aandike kama karani?" akasema. "Mama yako yuko ugenini peke yake. Habari kama hii hapelekewi. Mwambie ni sawa, basi."

Kwetu ndivyo ilivyo. Aliye safarini haambiwi la kumvunja moyo. Babu alipofariki, ami yetu aliyekuwa kazini Maskati aliambiwa mzee hajambo, mpaka aliporudi na kanzu mpya ya kumvisha. Watu wa nyumbani wanalisimulia hilo kwa fahari, kwamba walijua kusitiri. Lakini ile karatasi haikuwa msiba wa kufichwa. Ilikuwa kipimo cha hospitali, na aliyetakiwa kukisoma ni mimi. Nililijua hilo. Nikaandika herufi mojamoja, "Ni sawa mama." Shangazi akarudi kwenye mahamri yake.

Mama akamwambia muuguzi ni sawa. Adhuhuri kaka hakumtambua mama. Alasiri mwili wote ulimkakamaa ukatetemeka, akapoteza fahamu, wakamkimbiza kwenye chumba cha mahututi.

Mama alipopiga simu, shangazi alikaa ubavuni mwangu. Madaktari walikuwa wanaulizia ile sentensi ya asubuhi.

"Mwanangu, ulisoma nini?"

Shangazi akanifinya paja. Nikasema, "Haikuwa sawa, mama. Niliiona nikakudanganya."

Simu ikakatika.

Siku tatu walimpa kaka dawa za kuzituliza zile chembe, na hapakuwa na karatasi. Ya nne ilikuja picha: "Mimi fundi." Shangazi akanyoosha mkono nimpe simu, amjibu mama kwa uzuri. Sikumpa. Nilimpigia mama nikamwambia bado, maneno ni mawili tu, awaambie. Shangazi akasema sina adabu. Nikamjibu kwamba siku ya sita nilikuwa nayo hiyo adabu.

Kaka amerudi. Saratani haionekani kwenye vipimo, lakini zipo siku hushika spana akaniuliza inaitwaje. Daktari alisema huenda ingekuwa hivyo hata kama wangejua mapema. Neno hilo shangazi amelitembeza Mambrui nzima. Na kaka mwenyewe, shangazi alimwambia kwamba siku ile mtandao ulikuwa mbovu, picha haikufika.

Nililisikia hilo. Nikaifungua simu nikamwekea kaka mbele yake ile picha ya siku ya sita, na jibu lililoandikwa chini yake. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno, akarudia. Kisha akauliza ni nani aliyesema ni sawa.

"Mimi," nikamwambia.