Mchi Niliompigia Mume Wangu Karakanani

Admin, nifichie jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita, naishi Mabwerebwere, Kilosa. Jirani ndiye ananiandikia, nimemkataza asipunguze neno.

Enzi za Ujamaa mume wangu alikuwa fundi wa karakana ya kijiji chetu, upande wa Magole. Mto ulipofurika, jenereta ilipona kwa kuwa ilikaa juu mlimani kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini msumeno wa umeme na drili vililala majini. Tuliviosha tope, tukavianika mkekani kama mpunga.

Siku moja, watu wakiwa shamba la kijiji, akataka kuwasha drili kwa sababu kesho yake wageni wa wilaya wanakuja. Niliiinamisha, maji ya tope yakachuruzika. Nikamwambia, "Baba Asha, bado ina maji tumboni. Iache juani." Akanizaba kofi nikaanguka. "Wewe ndiye utanifundisha kazi?"

Akaichomeka kwenye jenereta, akawasha. Umeme ukamnasa, macho yakamtoka, mkono hauachii. Nikakamata mchi wa kinu nilichokuwa natwangia pale nje ya karakana, mkavu, nikampiga mkono kwa nguvu zangu zote. Mfupa niliusikia ukivunjika. Drili ikaanguka inatoa moshi, naye akaanguka akiwa hai.

Yowe langu likaleta watu, wakanikuta na mchi mkononi. Akasema, "Amenipiga. Na drili ameiharibu yeye." Shemeji zangu wakanishukia kwa fimbo na mateke. Meno yangu mawili ya mbele yalibaki pale.

Baadaye akanibembeleza: "Mama Asha, wakijua nimeunguza mali ya kijiji baada ya kukanywa, nimekwisha. Vumilia, nitawaambia mwenyewe." Nikavumilia, mjinga mimi. Mkono haukunyooka tena, na wanangu wamekua wakijua mama yao ni katili aliyemlemaza baba. Asha hunipa shikamoo ya mlangoni tu, akapita kwenda kwa baba yake.

Sasa mzee amepooza, mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha. Juzi aliwaita watoto, akasema ana neno kabla hajafa. Nilifurahi mpaka nikavaa khanga mpya. Akawaambia, "Mama yenu msameheni. Mimi nilishamsamehe."

Wakalia wote. Asha akanikumbatia, kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima.

Hasira imenijaa, na uji bado namlisha. Nikisema, wataona nampiga mgonjwa mara ya pili, na Asha atarudi mlangoni. Nikinyamaza, nitazikwa nimesamehewa kosa la kumwokoa. Wanangu mnaosoma hapa, nishaurini, nifanyeje?