Matope Nyuma ya Pazia la Shangazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ilipofika zamu ya nyumba yetu kupokea jumuiya kwa sala. Nilikuwa nimetoka kumaliza chuo, nakaa kwa shangazi yangu Musoma, na dirishani kwake nilikuwa nimepanga chupa za matope ya ziwani. Nilichanganya humo vipande vya karatasi na kiini cha yai, nikaziacha zipigwe jua wiki baada ya wiki. Bakteria wa kwenye tope hujipanga wenyewe, kila kundi na mahali pake, mpaka unaona rangi: chini nyeusi, katikati zambarau, juu kijani. Ukizitikisa tu, umeharibu. Na juma lile profesa mmoja wa mambo ya bahari alikuwa anapita Musoma kuchagua kijana wa kwenda naye pwani kwenye utafiti. Sikuwa na kingine cha kumwonyesha.

Shida ilikuwa harufu. Ilinuka yai viza, sina namna nyingine ya kuisema. Shangazi aliuza sangara sokoni, harufu ya samaki hakuijali, lakini hii alisema itamfukuzia wageni. Akataka nizitupe kabla watu hawajaingia. Nilimbembeleza mpaka machozi yakanitoka, mwishowe akakubali zibaki nyuma ya pazia. Nikakaa mbele ya pazia lile kama mlinzi wa benki.

Rozari ilipofika katikati, watu wakaanza kunusa. Wengine walitazamana viatu, wakidhani kuna aliyekanyaga kitu. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Magesa, mkulima wa pamba aliyehamia kutoka Nyamuswa, alisubiri sala iishe, kisha akafunua pazia kwa fimbo yake na kuniuliza ni nini kile. Niliona haya. Nikamjibu kwamba ni uchafu tu, nitautoa.

"Mbona umeukingia mwili muda wote huu?" akasema. "Uchafu mtu anautupaga, binti yangu. Kama ni uchafu, tupa sasa hivi tukiona. Kama siyo, usiutukane. Tuambie."

Mambo yale niliyajua kwa Kiingereza cha darasani, kwa hiyo nilianza kwa kukwama. Nikawaambia humo mna viumbe hai ambao jicho haliwaoni mpaka wakusanyike wengi, ndiyo rangi zile. Wa juu wanaishi kwa mwanga. Wa chini hawataki hewa kabisa, na harufu ile ni pumzi yao. Anachotupa huyu ndicho anachokula yule. Bila wao, kila samaki aliyekufa angekuwa bado amelala ziwani mpaka leo.

Mama mmoja akauliza kama hao ndio wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu. Nikamwambia ni ndugu zao. Basi sebule ikachangamka, kila mtu akitaka kusogea aone, na shangazi yuleyule akageuka msimamizi wa foleni, akiwakataza watu wasiguse chupa za binti yake. Mzee Magesa alipiga magoti kutazama, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nilikuwa sijawahi kufurahi vile maishani.

Profesa alipofika akanitaka nieleze. Nikamweleza vilevile nilivyowaeleza wanajumuiya, akanichagua. Tangu hapo nimezamisha mikono kwenye tope la mikoko, la nyasi za baharini, hadi la mitaro ya masoko. Nimezeekea humo, nimerudi zangu kwetu Butiama, na bado nikiona tope jeusi natamani kuinama.

Sasa nakusikia wewe, mwanangu, ukiulizwa unasomea nini. Unajibu ni tuvitu twa maabara tu, unacheka kidogo, unabadilisha mada. Unadhani ni unyenyekevu. Siyo. Unakikana kitu unachokipenda, na ukizoea kukikana hutaweza kukitetea siku watakapotaka kukitupa. Ukiulizwa, eleza, kwa maneno ya nyumbani kwenu, hata kama unakwama. Wanaokupenda watakusubiri ulipate neno.

Mungu akupe kazi itakayokufanya uamke kabla hujaamshwa. Akupe na watu wa kukuuliza ni nini hicho, na wakiuliza, akufungue mdomo. Nenda salama masomoni, mwanangu. Ukirudi, anza na mimi, nieleze.