Tonge la Kwanza la Mama Syntiche

Jua limeshapanda juu ya bandari ya Kalemie. Wabebaji wa mizigo wameketi kwenye magunia ya saruji, mikono imeoshwa, macho yote yanatazama sahani moja. Hakuna anayegusa chakula. Mama Syntiche, mpishi wao, anamega bukari, ugali wa huku, anaichovya kwenye mchuzi wa mikebuka, samaki wa ziwani, unaong'aa kwa mawese, kisha anasita.

"Mama, tunakungoja wewe," anasema Banza, kapita, yaani msimamizi, wa wabebaji, kwa heshima ya hakimu anayefungua kesi. "Kula, tukuone."

Anakula. Anatafuna taratibu, anameza, anafungua kinywa kikaguliwe. Banza anainama, anachungulia mpaka chini ya ulimi, kisha anawatangazia wenzake: "Imeshuka."

Katika kona hii ya bandari, mpishi hula tonge la kwanza mbele ya wateja, ili kama kuna sumu imwanze mwenye chungu. Kwa miaka kumi na mmoja Syntiche, mama wa watoto wanne aliyehamia hapa kutoka Moba, alimeza tonge hilo huku akicheka. Siku hizi hulimeza kama mtu anayetia sahihi hukumu yake mwenyewe.

Mwaka jana madaktari walimtoa mfuko wa nyongo. Ulikuwa umejaa mawe, na maumivu ya chini ya mbavu yalikuwa yakimwangusha chini samaki wakiwa bado kwenye mafuta. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kidonda kilipona. Tumbo ndilo lililokataa.

Daktari alimweleza kwamba ini lake bado linatengeneza nyongo, ila sasa haina ghala la kuhifadhiwa. Inadondoka utumboni saa zote, iwe kuna kazi au hakuna. Mafuta mengi yakiingia kwa mkupuo, yanakosa mpokeaji wa kutosha, na safari ya chooni haiombi ruhusa. "Kula kidogo kidogo, punguza mafuta, mwili utazoea," alimwambia. Wengi huzoea baada ya miezi michache. Mwili wa Syntiche, inaonekana, haukupata taarifa hiyo.

"Mimi napika mawese, nanuka mawese, naishi kwa mawese," anasema. "Na njo mawese ile ile inanifukuza. Nitauza nini sasa? Maji ya moto?"

Alijaribu samaki wa kuchemsha. Wabebaji waliuliza nani amelazwa.

Kisha akajaribu ujanja. Alilificha tonge shavuni, akaenda nyuma ya magunia, akalitema. Kwa bahati yake mbaya, mbebaji mmoja alikuwa huko huko akijisaidia. Kabla ya saa sita bandari nzima ilijua kwamba Mama Syntiche anatema chakula anachowalisha watu.

Basi akaamua kusema ukweli, na hapo ndipo alipojizika. Aliwakusanya, akawaeleza habari ya upasuaji, akawaonyesha hata kichupa cha mawe alichopewa hospitalini. Alisahau jambo moja: watu wa ziwa hili wamekua wakiambiwa kwamba nyongo ya mamba ni sumu isiyo na dawa. Kwao, nyongo iliyotolewa mwilini ni sumu iliyo mkononi mwa mtu. Banza akakohoa.

"Mawe tumeona, Mama. Na nyongo yenyewe, iko wapi?"

"Walitupa kule kule hospitali."

"Nani aliwaona wakitupa?"

"Banza, nilikuwa nimelala! Walikuwa wananipasua!"

"Sawa. Kwa hiyo hakuna muntu aliona."

Tangu siku hiyo ukaguzi umefika chini ya ulimi. Zamani alimaliza vyungu viwili kwa siku. Sasa hamalizi kimoja. Wateja wengi wamehamia kwa Mama Louise, hatua chache pembeni, ambaye hajawahi kupasuliwa na hachoki kuitangaza sifa hiyo. "Karibuni! Huku nyongo iko ndani ya mwenyewe!"

Leo tonge limeshuka, na sahani tatu zimegawiwa. Syntiche anasimama wima, anatabasamu, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jasho linamtiririka. Ghafla anaweka mwiko chini na kuondoka, kwanza kwa mwendo wa mama mwenye heshima zake, halafu mbio, kuelekea choo cha nyuma ya ghala.

"Muliona?" Banza anaisukuma sahani yake mbali. "Mwenye chungu anakimbia chakula yake mwenyewe."

Anaporudi, bukari imepoa na magunia hayana mtu. Kwa Mama Louise watu wanacheka. Syntiche anakifunika chungu. Jioni watoto watashiba mikebuka, lakini minerval, karo ya shule, hailipwi kwa samaki.

Mpango anao. Jumatatu atarudi kwa daktari kuulizia dawa ya unga inayonasa nyongo, aliyomtajia, ambayo duka la dawa linasema lazima iagizwe Lubumbashi. Hajauliza bei, anaogopa kuijua.

Akiulizwa anatumaini nini, hataji kupona.

"Naomba tumbo inivumilie kidogo tu," anasema, huku akimwaga mchuzi wa sahani ya Banza. "Banza amalize kula. Kisha nitakimbia."