Mwana wa Namba Ngeni

Ujumbe uliingia nikiwa namenya ndizi za mchana, ndizi za mtu mmoja, chache mpaka sufuria inanicheka. "Shikamoo mama. Ni mimi mwanao. Simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba mpya. Nisamehe kwa ukimya wangu."

Mwana ninaye mmoja, yuko Dar. Tangu tumzike baba yake kule Kilimanjaro, tukatupiana maneno juu ya kihamba, shamba la urithi, mbele ya ukoo, hajanipigia. Mimi nilirudi Moshono na hasira zangu, naye akaondoka na zake.

Mimi si mjinga. Akina mama wenzangu wa kwaya nimewaimbia wimbo huo mpaka wamechoka: anayejiita mwanao kwa namba ngeni, mpigie kwanza kwa ile ya zamani. Mmoja aliyetuma hela nilimfokea kama mtoto. Lakini siku hiyo niliosha mikono, nikatafuta miwani, nikalisoma tena na tena lile neno nisamehe. Nilitaka liwe lake. Nilitaka mno.

Nikaandika: "Kwetu anayeomba msamaha huja na nini mkononi?"

Mtoto yeyote wa Kichaga aliyelelewa nyumbani anajua. Huja na jani la isale lililofungwa fundo, na ukishaletewa hilo huwezi kukataa, hata kama moyo bado unawaka. Isale langu limeota pale kwenye ua, limenizidi urefu.

Jibu halikukawia. "Nitakuletea kitenge kizuri mama. Kwa sasa nitumie laki mbili, niko hospitali."

Kitenge! Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, na sioni aibu kusema. Namba ile nikaifungia.

Halafu, kwa kuwa sasa nilikuwa na sababu, nikapiga ile ya zamani. Ikaita sana kabla hajapokea. Sauti yake imekuwa nzito, ya baba yake kabisa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tapeli ananiandikia, anasema ni wewe. Eti anaomba msamaha."

"Usitume kitu, mama. Mimi sijakuandikia."

"Najua," nikamwambia.

Akasema yuko kazini, akakata. Ndizi zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi kwenye sahani. Nikazipika hivyo hivyo.