Siku Marehemu Alipotangaza Maji Yameisha

Hii habari nimeikwepa tangu mwezi wa saba, lakini kwa vile siwezi kupita sokoni Tawa bila mtu kuniuliza kama marehemu mke wangu bado anachunga maji, heri niisimulie mwenyewe, yote, pamoja na kile kipande nilichomficha fundi.

Mimi ndiye mchunga maji wa mradi wetu, huku kati ya Tawa na Mbumbuni. Kisima kiko chini mtoni na pampu yake ya sola, tanki liko juu kilimani, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupanda asubuhi na jioni, kuligonga tanki kwa fimbo kuanzia chini kwenda juu, na kusikiliza mahali sauti inapobadilika (hapo ndipo maji yameishia, na sijawahi kukosea). Mke wangu, Mama Mutheu, alikuwa katibu wa kamati. Mimi nagonga, yeye anaandika kwa grupu: leo ni nusu, leo msifue blanketi. Alifariki mwezi wa pili. Simu yake niliiweka dirishani, nikawa naichaji na kuinunulia bando kama ya mtu aliyetoka kidogo.

Kamati ilipoona magoti yangu hayaupendi tena mlima, ikamwita fundi Musyoka kutoka Kitui, mtu mpole mwenye haraka. Akaweka kifaa cha kupima maji ndani ya tanki, na programu ya kuangalia tanki na pampu usiku na mchana. Mambo yakiharibika, programu inatuma ujumbe yenyewe kwenye simu za watu. Kilichobaki ni kuiunganisha na simu moja, ile ambayo ujumbe utatoka kwa jina lake.

"Mzee, tutumie simu yako?" akauliza.

Hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipofanyika, mdogo tu, kama kuchagua kikombe. Nikamwambia tutumie ile ya dirishani kwa sababu ndiyo nzuri. Nilidanganya. Yangu ingetosha. Ukweli ni kwamba nilitaka simu yangu ilie tena, niitoe mfukoni, nione jina lake na ile picha yake ya kitambaa cha kijani kichwani, na chini yake habari ya maji kama zamani.

Musyoka hakujua simu ni ya nani. Akanieleza: nichague grupu ya kamati peke yake, nitume ujumbe wa kujaribu, na nisisahau kwamba anayepata ujumbe lazima ajibu "sawa", ndiyo programu inyamaze saa moja, asipojibu mtu, inarudia kila dakika tano. Gari lake la Kitui lilikuwa linapiga honi barabarani, akaniachia nimalizie. Nikafungua. Picha ya mke wangu ikatokea. Nikaiangalia kwa muda, halafu nikabonyeza kilichokuwa juu kabisa, pameandikwa "grupu zote", maana macho yangu hayakuwa kwenye maandishi. Na ujumbe wa kujaribu sikutuma. Nilitaka wa kwanza uje wenyewe.

Ukaja Alhamisi. Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala kwenye vilima tangu asubuhi, sola haina nguvu, pampu ikasimama. Mimi nikateremka kisimani kupangusa vioo vya sola, na huko chini simu haishiki mtandao.

Wakati huo (haya niliyasikia baadaye, na bado nayasikia) akina mama wa kanisa letu walikuwa kwa Mama Kioko, mwenyekiti wao, wameinamisha vichwa kwa maombi. Simu zikaanza kulia, moja, mbili, kumi. Mama Kioko akafungua yake kuizima, akakutana na Mama Mutheu na kitambaa chake cha kijani: "TAHADHARI. Hali ni mbaya. Maji yako chini ya robo. Jibu SAWA." Baada ya dakika tano, tena. Baada ya dakika tano, tena. Si kwa akina mama tu. Aliandika kwa grupu ya ukoo, ya wazazi wa shule, na Mungu anisamehe, kwa grupu ya mazishi yake mwenyewe (simu yake niliiingiza humo mimi, ili niwafikie watu wake), ambapo neno la mwisho lilikuwa shukrani kwa wote waliomsindikiza.

"Ananiangalia mimi," mama mmoja akasema.

"Anatuangalia sisi wote, hiyo ni picha," mwingine akamjibu, lakini akasogea mbali na simu.

Susu Mbithe, bibi mkubwa kuliko wote pale, ana simu ya vibonyezo, hakuona kitu. "Anasema nini?"

"Anasema maji yameisha, Susu."

"Huko mbinguni?"

"Hajasema ni wapi."

"Na anataka nini?"

"Anataka tujibu sawa."

"Si mumjibu! Mtoto wa watu anaongea na nyinyi mnatetemeka tu. Andika: sawa."

Mama Kioko akaandika. Na kweli, kukawa kimya.

"Mnaona?" Susu akasema. "Alitaka tu kusikizwa." Wakainuka wote, wakaja kwangu.

Mimi nikapanda kutoka mtoni, matope mpaka magotini, nikakuta akina mama kama ishirini wamekaa uwanjani kimya. Namna ile ya kukaa naijua, niliiona mwezi wa pili.

"Ni nani tena?" nikauliza.

Mama Kioko akaniangalia. "Ni yule yule, Baba Mutheu."

Kabla sijaelewa, ile saa moja ikaisha. Simu zote zikalia pamoja, ya dirishani ikawaka, na yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa, nikaona jina lake, na hapa ndipo aibu yenyewe: nikatabasamu. Mbele yao wote.

"Unacheka?" Mama Kioko akauliza.

Nikaanza kusema ni fundi amekosea, nikaacha katikati. Basi nikawaambia yote, simu, picha, ule uwongo wa kwamba ni nzuri kuliko yangu, nimesimama na matope yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

Mtu akacheka nyuma, halafu wengi. "Aiya! Yaani mama wa watu umemrudisha kazini!"

"Na miezi mitano tu amepumzika," Susu akasema.

Mama Kioko hakucheka. Akaja karibu. "Mimi ndiye natoa watu kwa grupu yetu. Mtu akihama, namtoa siku hiyo hiyo. Huyu nimeshindwa, kwa hivyo sikuhukumu. Lakini Mutheu amenipigia akilia. Alikuwa kazini kule Kitui, akaona jina la mama yake."

Hapo nikakaa chini. Binti yangu sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Nikampigia mbele yao.

"Nilijua ni mashine, Baba," akasema. "Kabla sijafungua nilijua. Lakini nilikimbia kufungua."

"Hata mimi," nikamwambia.

"Tafadhali usifanye hivyo tena."

Nikaichukua simu ya dirishani, nikaanza kumtoa, grupu moja baada ya nyingine, na kila mara simu za akina mama zikaandika kwamba Mama Mutheu ameondoka. Ya mazishi nikaiacha mwisho. Hakuna aliyecheka.

"Na hayo maji?" Susu akauliza.

Hakuna aliyekuwa ameyakumbuka. Tukapanda mlimani na akina mama na vitambaa vyao vya ibada, nikaligonga tanki mbele yao, likalia tupu mpaka karibu na chini kabisa. Programu haikukosea hata kidogo.

Kesho yake Musyoka akarudi, akaiunganisha na simu yangu, kwa kamati peke yake, na tukatuma ujumbe wa kujaribu mara tatu. Siku hizi tahadhari zinatoka kwa jina langu, na mara nyingi najijibu sawa mwenyewe. Simu ya Mama Mutheu imezimwa, iko sandukuni pamoja na kitambaa cha kijani. Nimeapa sitamtuma tena mtu aliyepumzika afanye kazi iliyo yangu. Lakini jioni bado napanda polepole na fimbo, ingawa hakuna haja, nagonga kutoka chini, na pale sauti inapobadilika nasema kwa nguvu, kama mtu anayemtajia mwenzake aandike: leo ni nusu.